Mabawa ya kuku ya kujaza: yapikwe vipi Wundanyi, mahali maji yanapochemka mapema

Kuku akichinjwa nyumbani, kila kipande kina mwenyewe. Firigisi ina mwenyewe, paja lina mwenyewe, kidari huwekewa mgeni. Bawa halina mwenyewe. Kwetu Wundanyi lilikuwa likimwangukia mtoto aliyechelewa kufika mezani, naye alilipokea kwa kununa, maana bawa ni ngozi na mifupa, na nyama yake ni ya kutafuta kwa meno.

Ng'ambo ya bahari, bawa hilohilo ndilo la kuhangaikiwa. Thailand wana chakula kiitwacho peek gai yat sai: bawa hutolewa mifupa bila kuchanwa ngozi, likabaki kama mfuko, kisha mfuko ule hujazwa kima na tambi na mboga, ukapikwa kwa mvuke, halafu ukakaangwa. Vietnam wanalo lao, cánh gà nhồi. Wajapani hujaza bawa kima ileile wanayotia ndani ya gyoza, wakaliita tebagyoza. Na wapo Wahmong, watu wa milimani kule Laos na nchi jirani, ambao wengi wao walikimbilia Marekani baada ya vita kwisha mwaka 1975 wakakaa Minnesota, California na Wisconsin. Huko mabawa ya kujaza yamekuwa chakula chao cha sherehe na cha sokoni. Mimi hawa Wahmong huwafikiria sana ninapopika, kwa sababu ni watu wa mlimani wanaokula mboga za mlimani, na kabichi na karoti zinazojaa kwenye mabawa yao ndizo zinazojaa kwenye vikapu vya Werugha.

Mtu wa pwani hana haja ya kukiogopa chakula hiki. Sambusa, chapati, biriani, vyote vilitufikia kwa bahari kutoka Asia, na leo hakuna anayeviita vya kigeni. Kuku mwenyewe ni wa huko: asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, na huko ndiko alikofugwa kwanza. Kwa hiyo hatumpeleki kuku ugenini. Tunampika kwa namna ya kwao.

Sasa kwa nini nimeamua kuliandika jambo hili, na si mapishi mengine? Nyumba yetu ni ya mchanganyiko, kama nyumba nyingi za Taita zilizooa na kuoza Mombasa. Dada yangu ameolewa Kisauni, yeye na watoto wake ni Waislamu. Sisi wengine ni watu wa kanisani. Disemba tunapokusanyika huku juu, meza ni moja. Na mimi nimeona mara nyingi jambo ambalo wenyeji huwa hawalioni: mgeni wa Kiislamu akiletewa chakula asichojua ndani kina nini, haulizi. Atachukua wali na maharagwe, atasema ameshiba, atashukuru. Ni adabu, lakini ni adabu inayomwacha na njaa katika nyumba ya ndugu zake.

Mabawa ya kujaza ni chakula cha aina hiyo hasa, chakula cha siri. Huwezi kukitazama kwa nje ukajua. Na mapishi mengi ya asili hutia nyama ya nguruwe, kwa sababu ina mafuta na haikauki. Kwa hiyo ukitaka meza moja, amua tangu mwanzo na uwaambie watu waziwazi umetia nini. Kuku achinjwe na Mwislamu. Kwetu kazi hiyo ni ya shemeji, na hakuna Mkristo wa nyumba yetu aliyewahi kulalamika kwamba kuku amechinjwa vizuri mno. Kima iwe ya kuku huyohuyo. Na chupa zisomwe.

Hizo chupa ndizo watu wanazozisahau. Mapishi ya Kijapani hutia mirin, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele. Ya Kichina mara nyingi hutia mvinyo wa kupikia. Vyote viache, na mahali pake tia kijiko cha maji ya ndimu na kijiko kidogo cha sukari. Kazi yake ni kukata shombo na kuleta utamu kidogo, na ndimu inaiweza. Sosi ya soya hutengenezwa kwa kuchachusha soya na ngano, na katika kuchachuka huko kileo kidogo huweza kutokea. Wako wanaoitumia bila wasiwasi na wako wanaojizuia. Hilo si la mwandishi wa mapishi kulitolea hukumu, muulize unayemwamini katika dini. Usipoitumia, chumvi na kipande kidogo cha ng'onda kilichookwa kikatwangwa kitakupa ile ladha nzito. Usicheke. Sosi ya samaki ya Thailand si kitu kingine ila samaki wadogo waliolazwa ndani ya chumvi miezi mingi mpaka wakatoa maji yao. Mtu aliyekulia karibu na ng'onda au papa mkavu anaijua harufu hiyo kabla hajafungua chupa.

Tuje kwenye bawa lenyewe. Lina sehemu tatu. Ya kwanza, iliyoshikana na bega, ina mfupa mmoja na inafanana na paja dogo. Mimi huiita kipaja. Ya kati ni bapa, ina mifupa miwili myembamba inayolala sambamba. Ya tatu ni ncha, haina nyama ya maana lakini itatufaa. Katika nyumba yangu, kipaja hukatwa kwenye kiungo, nyama yake ikatolewa na kusagwa ikawa kima. Sehemu ya kati hutolewa mifupa ikawa mfuko. Ncha inabaki imeshikana na mfuko, ndiyo mkono wa kushikia wakati wa kula. Kwa njia hii bawa linajijaza lenyewe. Huendi kununua kima kwa bei nyingine, na mifupa yote inakwenda kwenye sufuria ya supu.

Kutoa mifupa ndiko kunakowatisha watu, na ndiko nitakakokaa zaidi, kwa sababu mengine yote mpishi yeyote wa sambusa anayajua.

Chukua kisu kidogo cha kumenyea, kilichonolewa. Kisu kikubwa kitachana ngozi. Shika bawa kwa ncha, upande uliokatwa uangalie juu. Utaona vichwa viwili vya mifupa, kimoja kinene na kimoja chembamba. Pitisha ncha ya kisu kuzunguka kila kichwa, ukikata kano tu zinazoshikilia nyama hapo juu. Usikate chini zaidi. Kisha weka kisu kando, maana kutoka hapa kazi ni ya vidole. Sukuma nyama na ngozi kwenda chini, pole pole, kama mtu anayekunja mkono wa kanzu akitaka kutawadha. Nyama itateremka ikigeuka nje ndani. Katikati ya mifupa miwili kuna utando unaoishika pamoja; ukifika hapo, kata utando kwa ncha ya kisu huku makali yakielekea mfupa, kamwe yasielekee ngozi. Endelea kusukuma mpaka karibu na kiungo cha ncha. Sasa shika mfupa mwembamba, uzungushe, utatoka. Mnene nao uzungushe mpaka usikie umeachia. Rudisha ngozi kama ilivyokuwa. Una mfuko.

Bawa la kwanza litakuchukua dakika kumi. La sita litakuchukua mbili. Ngozi ikipasuka kidogo chini, ipige kijiti cha meno na uendelee. Ikipasuka sana, lile bawa lifanye la mchuzi, usilazimishe.

Kuku gani? Watu wa huku tunapenda kujivunia kuku wa kienyeji, na kwa mchuzi sina neno. Kwa kujaza, hapana. Bawa lake ni dogo na jembamba, nyama imeng'ang'ania mfupa, na ngozi yake ngumu haitalainika kwa muda ule kima inaotaka. Broila ndiye wa kazi hii. Tatizo la Wundanyi ni kwamba kuku huuzwa mzima, na kuku mzima ana mabawa mawili tu. Kwa mabawa kumi na mawili utahitaji kuku sita, jambo la sherehe. Siku za kawaida, anayekwenda Voi au Mombasa mwagize alete mabawa peke yake, na yasafiri kwenye barafu. Kutoka Voi kupitia Mwatate hadi huku si mbali kwa ramani, lakini mchana wa jua la Voi, nyama mbichi ndani ya mfuko wa kawaida, gari likingoja kujaza abiria, ni mbali vya kutosha kuiharibu.

Kwa mabawa kumi na mawili, nyama ya vipaja itatoa kama robo kilo ya kima. Loweka gramu 50 za tambi. Wenzetu wa Asia hutumia tambi zinazong'aa za unga wa pojo, na duka likiwa nazo, zichukue. Tambi nyembamba za ngano, zile tunazopikia tambi za sukari wakati wa Ramadhani, zinafaa pia, ila zitie maji moto dakika moja tu. Zikate fupi. Paruza karoti moja. Kabichi, konzi moja, ikatekate nyembamba, itie chumvi, iache robo saa halafu uikamue kwa mikono yote miwili. Usipoikamua itatoa maji ndani ya bawa. Vitunguu vya majani vitatu. Thomu punje nne na kipande cha tangawizi, vitwangwe. Dania, na hapa kuna jambo ambalo Wathai wanatuzidi: hutwanga mizizi yake pamoja na thomu na pilipili manga. Sisi mizizi tunaitupa, na ndiyo yenye harufu zaidi. Dania ya Wundanyi huuzwa na mizizi yake na udongo wake, kwa hiyo ioshe vizuri uitumie. Yai moja, kijiko kimoja na nusu cha sosi ya soya, kijiko kidogo cha sukari, pilipili manga nusu kijiko kidogo. Changanya kwa mkono mpaka kima ishikane.

Usiionje mbichi. Kaanga donge dogo kwenye kikaango, onja hilo, kisha urekebishe chumvi.

Jaza robo tatu tu ya mfuko, kama vijiko viwili. Ngozi husinyaa ikipata moto, na yai na tambi huvimba, kwa hiyo bawa lililojazwa likafura litapasuka. Funga mdomo kwa kijiti cha meno. Kima itakayobaki, na itabaki, ni kababu za kesho.

Hapa sasa ndipo pale penye hatari, na ndipo mapishi ya Mombasa yanapomdanganya mtu wa Wundanyi.

Nyama ya kuku mbichi huweza kuwa na vijidudu vya salmonela na wenzake, na vijidudu hivyo havionekani wala havinuki. Katika kipande cha kawaida hatari kubwa iko juu ya nyama, mahali moto unapofika kwanza. Lakini wewe umechukua nyama, ukaisaga, ukaichanganya, ukaifungia katikati kabisa ya kipande kingine cha nyama. Umekipeleka kijidudu mahali moto unapofika mwisho. Ndiyo sababu katikati ya kima lazima pafike nyuzi 74 za Selisiasi. Mtu mzima mwenye afya huenda akaumwa tumbo siku mbili akapona. Mtoto mdogo, mama mjamzito, au bibi wa miaka themanini anayekuja mezani kwa kushikwa mkono, huenda hadithi yake ikawa nyingine. Na ni hao hasa tunaowakusanya Disemba.

Kwa hiyo bawa la kujaza halikaangwi likiwa bichi. Mafuta ya nyuzi 175 yatalipa rangi nzuri kwa dakika sita huku katikati kima ikiwa ya uvuguvugu. Rangi ya nje haina habari za ndani. Linapikwa kwanza kwa mvuke, na mapishi mengi yatakuambia dakika 20 au 25.

Dakika hizo zimehesabiwa na watu walio karibu na bahari. Pale Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito, haiyakandamizi maji kama kule chini, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika moto huo. Hesabu ya haraka ni uzi mmoja kwa kila mita 300 hivi. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 au zaidi kidogo. Anayeishi juu zaidi, kwenye mabega ya Vuria ambao kilele chake ni mita 2,208, hupungukiwa zaidi. Kuongeza makaa hakusaidii. Maji yatachemka kwa kelele zaidi lakini joto ni lilelile. Mvuke nao una joto la maji yaliyoutoa. Mama yeyote wa Wundanyi aliyepika maharagwe akajiuliza kwa nini ya shangazi yake wa Likoni yanaiva mapema, tayari amelijua jambo hili kwa gharama ya makaa.

Nyuzi 95 bado ni nyingi kuliko 74, kwa hiyo kima itaiva bila shaka. Inataka muda tu. Mimi huyapa mabawa dakika 35 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu, si tangu sufuria iwekwe jikoni. Huhitaji chombo maalumu: sufuria kubwa, maji vidole vitatu, bakuli la bati lililofunikwa kifudifudi ndani, sahani ya bati juu yake yenye mabawa yasiyobanana, na kifuniko kilichofungwa kitambaa ili matone yasirudi kwenye nyama. Maji yakipungua ongeza ya moto, si baridi.

Kisha pima. Kipima joto cha nyama ndicho chenye neno la mwisho. Anayepika kuuza angekuwa nacho kabla ya kununua kikaango cha pili. Asiyekuwa nacho achukue bawa nene kuliko yote, alikate katikati kabisa. Kima iwe imara, isiyoteleza, majimaji yawe meupe yasiyo na wekundu, na mvuke utoke katikati. Hilo bawa ni la mpishi. Likiwa na shaka, yote yarudi sufuriani dakika kumi nyingine. Hakuna aliyewahi kuharibu bawa kwa mvuke wa dakika kumi.

Neno juu ya kuosha. Najua pwani kuku asiyeoshwa kwa ndimu hahesabiwi kuwa kuku, na wataalamu wa usalama wa chakula wanasema usimwoshe kabisa kwa sababu matone ya maji husambaza vijidudu jikoni kote. Mimi nimechagua njia ya kati: nikiosha, ni ndani ya bakuli lenye maji na ndimu, si chini ya bomba linaloruka, tena kabla kachumbari haijakatwa. Ubao uliokatiwa kuku haukatiwi nyanya mpaka uoshwe kwa sabuni na maji moto.

Yakishaiva kwa mvuke, yaache yapoe kidogo na yapanguse yakauke. Hapa waweza kusimama na kuyaweka kwenye friji, ukayakaanga kesho yake wageni wakifika. Ila yawe kwenye friji kweli. Julai Wundanyi, ukungu umeshuka mpaka mlangoni na watu wamevaa makoti, kuna anayesema jikoni ni baridi kama friji, akaacha sinia mezani usiku kucha. Si kweli. Friji ni chini ya nyuzi 5, na baridi yetu ya usiku, pamoja na meno kugongana, haifiki huko. Saa mbili mezani, si zaidi. Stima ikipotea usiku, asubuhi usibahatishe.

Kukaanga ni jambo fupi. Yapitishe kwenye unga wa mchele kidogo, kung'uta, tia kwenye mafuta yenye moto wa kutosha kufanya kipande cha kitunguu kizunguke na kutoa povu papo hapo. Mlima hauyabadilishi mafuta kama unavyobadilisha maji, kwa hiyo dakika tano au sita za Mombasa ni dakika tano au sita za hapa. Yakiwa yametoka kwenye friji, yaache kwanza robo saa juu ya mvuke, ndipo ukaange. Toa vijiti vyote vya meno na uvihesabu: viliingia kumi na viwili, vitoke kumi na viwili.

Wathai huyala na sosi ya pilipili tamu. Hiyo ni siki, sukari, thomu na pilipili nyekundu vilivyochemshwa pamoja mpaka vikawa vizito, unaweza kuipika mwenyewe wakati mabawa yako kwenye mvuke. Lakini dada yangu huja na chupa yake ya achari ya embe kutoka Kisauni, na mezani ndiyo inayoisha kwanza. Mifupa, wakati huo, iko jikoni na tangawizi na kitunguu kizima, moto mdogo, saa moja na nusu. Kule kwao ingekuwa saa moja.